Hivi kuna ruzuku ya serikali kwa mfanyabiashara anayefungua tawi mkoani, au ndiyo napigwa?

#1 Karanga Mbichi
Wakuu, salaam.
Nina kiwanda kidogo cha siagi ya karanga Mbagala, huu mwaka wa sita. Mashine mbili za kusaga, moja ya kukaangia, vijana saba. Karanga nanunua Dodoma na Tabora, nazilipia usafiri hadi Dar, nazisaga, halafu katoni thelathini zinapanda basi kurudi Tabora hukohuko kwa wateja. Mke wangu ndiye aliyenishtua: "Baba Zawadi, hizi karanga zina safari nyingi kuliko mbunge." Basi nimeamua tawi lifunguliwe Tabora.

Sasa wiki iliyopita kuna jamaa kavaa suti, kaniambia serikali inatoa ruzuku ya milioni 30, hairudishwi, kwa biashara inayotoka Dar kwenda mikoani. Anachotaka ni 180,000 ya fomu na ya kuandikiwa andiko. Fomu nimeiona, ina nembo ya Taifa juu. Mtaji wangu ni milioni 42, kwa hiyo 30 za bure zingenibeba.
Kitu hiki kipo? Wenye uelewa karibuni. Wenye matusi jukwaa la michezo liko chini kidogo.

#2 Dogo wa Ujiji
Mpe hiyo 180,000, ila kabla hajaondoka muulize kwao ni wapi, maana simu yako hatapokea tena.

#3 Bi Chuma
Kaka, usimpe hata nauli. Malipo ya ofisi ya umma yana namba ya kumbukumbu, unalipa benki au kwa simu, risiti inatoka. Anayepokea mkononi anajilipa mwenyewe. Nembo ya Taifa kila mwenye stesheneri anayo kwenye kompyuta yake.

#4 Kisiki cha Mpingo
Kuhusu tapeli nakubaliana na #3. Lakini msimwambie mtu kwamba serikali haitoi ruzuku ya kwenda mikoani. Inatoa, na ni mabilioni. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, unawapa makampuni ya simu ruzuku wakajenge minara vijijini. Juzijuzi tu minara zaidi ya elfu moja. Kama hiyo si ruzuku ya kupanua biashara kwenda mikoani, niambieni ni nini.

#5 Mhasibu Mstaafu
Kisiki, hapo kwenye idadi umezidisha. Mikataba ya Mei 2023 pale Dodoma ilikuwa ya minara 758 kwenye kata 713, na ruzuku ya serikali bilioni 126. Tigo 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104, Halotel 34. Jumlisha mwenyewe.

Na elewa kwa nini wanapewa. Kata yenye watu wachache hairudishi gharama ya mnara, dizeli na mlinzi, kwa hiyo kampuni ikiachwa na hesabu zake haiendi. Serikali inaziba lile pengo. Tena mfuko wenyewe unachangiwa na makampuni hayohayo kutoka kwenye mapato yao, si kwamba mtu kaamka asubuhi akagawa hela. Karanga Mbichi anakwenda Tabora kwa sababu kule kuna faida. Sasa pengo la kuziba liko wapi?

#6 Dogo wa Ujiji
Kwa hiyo Karanga aandike kwenye andiko kwamba siagi yake inashika mtandao.

#7 Bint Igunga
Nimecheka peke yangu kwenye daladala, watu wananitazama.

Mimi niongelee ninachokijua, asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri inakopesha vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ni mkopo, lakini hauna riba hata senti. Tuko watano kwenye kikundi, tunashona sare za shule. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, tukakaa zaidi ya mwaka tunapigwa kalenda, iliporudi tukaomba upya tukapata. Tumenunua vyerehani vinne. Marejesho tunatoa.
Lakini kaka, ile ni ya wakazi wa halmashauri husika na ya vikundi. Ukija Tabora na mke wako na begi la Mbagala, afisa maendeleo ya jamii atakuuliza umeishi mtaa gani na nani anakufahamu.

#8 Nyakati Ngumu
Vikundi! Huku kwetu (sitaji halmashauri) kuna kikundi cha vijana wa ufugaji kuku kilichopewa hela, kuku hawajawahi kuonekana. Hata yai. Mwenyekiti sasa ana bodaboda tatu.

#9 Wakili wa Vumbi
Karanga Mbichi, njia yako ni TIC, Kituo cha Uwekezaji. Unasajili mradi, unapata cheti cha vivutio, unapewa unafuu wa kodi kwenye mashine na vifaa. Upanuzi wa mradi uliopo nao unahesabika. Kwa Mtanzania kiwango cha chini ni dola 100,000.

#10 Mhasibu Mstaafu
Wakili, umelala muda mrefu. Dola 100,000 ilikuwa sheria ya 1997. Sheria ya 2022 ilikishusha hadi 50,000 kwa mwekezaji wa ndani. Na TIC yenyewe siku hizi haipo, 2025 iliunganishwa na EPZA, ile mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, ikawa TISEZA. Sasa milioni 42 ukizigeuza dola hazifiki hata nusu ya hiyo 50,000. Mlango upo, ila kizingiti kiko kifuani.

#11 Wakili wa Vumbi
Asante kwa masahihisho, mzee. Vumbi liliniingia machoni.

#12 Mtu wa Thika
Hamjambo majirani. Kwetu Kenya kitu hiki kilikuwa kwenye sheria ya kodi kabisa. Ukiwekeza kiwanda cha shilingi milioni 200 za Kenya au zaidi nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, ulikuwa unaruhusiwa kukata asilimia 150 ya gharama ya uwekezaji kwenye mapato yanayotozwa kodi. Yaani umetumia mia, kwenye hesabu ya kodi unaandika mia na hamsini. Iliondolewa Aprili 2020, wakati wa korona. Baadaye ikarudishwa asilimia 100 kwa wawekezaji wakubwa wa bilioni mbili, nje ya Nairobi na Mombasa.

#13 Dogo wa Ujiji
Halafu viwanda vyote vikajengwa Athi River, si ndiyo? Mkoani ambako ukipanda juu ya paa unaziona taa za Nairobi.

#14 Mtu wa Thika
Umenigusa pabaya, mimi mwenyewe jina langu ni Thika, nako ni jirani na Nairobi 😂
Lakini ni kweli, huo ndio ulikuwa ugomvi. Sheria ilisema nje ya jiji, haikusema umbali gani. Mwenye akili anavuka mpaka kidogo tu, anapata kodi ya shambani na soko la mjini. Kaunti za mbali kama Turkana na Wajir wakabaki wanasikia kwenye redio. Wapo wanaosema bila ile asilimia 150 hata Thika isingepata viwanda ilivyonavyo, na wapo wanaosema vingekuja tu, vilikuwa njiani.

Ruzuku ya pesa mkononi tumewahi kuiona, MbeleNaBiz, mashindano ya vijana ya mpango wa biashara. Washindi 250 walipata shilingi milioni 3.6 kila mmoja, na 500 walipata laki tisa. Hawakuulizwa kama wanahamia wapi, waliulizwa watafanya nini. Binamu yangu aliandika mpango wa kufuga sungura, hakushinda, na sungura tulimla Krismasi.

#15 Kisiki cha Mpingo
Ngoja nirudi kwa Mhasibu (#5), kaniacha njiani. Unasema pengo liko wapi. Pengo ni umeme, barabara na maji. Kigoma na Katavi miaka nenda rudi walikuwa nje ya gridi ya taifa, wanakula umeme wa majenereta. Mtu wa Mbagala anasaga kwa umeme wa gridi, wa Mpanda anakaa na mshumaa akisubiri dizeli ifike. Hilo ndilo pengo, na serikali imechagua kuliziba kwa nguzo, si kwa kumpa mtu hundi. Reli ya kisasa ikishamalizika kipande cha Makutupora hadi Tabora, hiyo ndiyo ruzuku ya Karanga Mbichi hata kama jina lake halimo.

#16 Bi Chuma
Kisiki, maneno mazuri lakini si kweli yote. REA, Wakala wa Nishati Vijijini, inawakopesha kwa riba nafuu watu binafsi wakajenge vituo vya mafuta vijijini. Pale mbona hawakusema "tunajenga barabara inatosha"? Wakitaka kumpa mtu binafsi wanampa.
Mimi naona sababu ni woga. Ukitangaza ruzuku ya kuhamia mkoani leo, kesho asubuhi kuna kampuni za mfukoni mia nne zenye anwani Tabora na wakurugenzi wanaolala Sinza. Utazikagua na nani? Nimefanya kazi miaka tisa kwenye miradi ya wafadhili, nimeshakwenda kukagua "kiwanda" nikaoneshwa banda la mbuzi lililopakwa chokaa. Chokaa ilikuwa bado mbichi, ilinichafua gauni.

#17 Nyakati Ngumu
Na mbuzi?

#18 Bi Chuma
Mbuzi walikuwepo. Waliambiwa watoke nje kidogo.

#19 Mlina Asali
Naandika nikiwa Tabora mjini, nafungasha asali. Huu mjadala wa kwa nini hawatoi endeleeni nao. Karanga, mimi nikwambie unachoweza kupata ukija.

Anza SIDO, shirika la viwanda vidogo. Wapo kila mkoa tangu zamani, shirika lenyewe ni la 1973. Wana mikopo midogo, wana maeneo ya kufanyia kazi, na wana barua. Hiyo barua usiidharau: mjasiriamali mdogo akiwa na utambulisho wa SIDO anapata alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, kwa unafuu mkubwa, mwaka wa kwanza halipi. Mimi nilipata hivyo. Hiyo ni ruzuku, ila haina jina kubwa wala picha ya kukabidhiana hundi ya karatasi ngumu.
Na ujue leseni ya TBS ya Mbagala huhami nayo kama godoro. Wanakagua bidhaa pamoja na mahali inapotengenezewa. Tawi jipya, ukaguzi mpya. Leseni ya biashara nayo vilevile, kila mahali pa biashara pana yake.

#20 Mlina Asali
Nimesahau, la muhimu zaidi. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Karanga za huku ukizinunua kwa mtu aliyezianika chini na kuzifunga bado zina unyevu, unajinunulia kesi. 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na siku hizi TBS hawana mchezo. Faida ya kuwa karibu na mkulima ni kwamba utakwenda mwenyewe kuona zinavyoanikwa. Hiyo kwangu ina thamani kuliko milioni 30 za mtu wa suti.

#21 Karanga Mbichi
Mlina Asali, Mungu akubariki. Hiyo ya TBS sikuijua kabisa, ningefungua tawi ndiyo nikakutane nayo mlangoni.
Taarifa: jana nilimwambia yule jamaa anitumie namba ya kumbukumbu ya malipo. Kasema "mfumo uko chini". Leo simu yake iko chini vilevile.

#22 Dogo wa Ujiji
Nilisema mimi #2. Naomba ruzuku yangu.

#23 Mwana wa Reli
Nimesoma uzi mzima, hakuna aliyetaja viwanja. Halmashauri nyingi zinajitangaza: njoo uwekeze, eneo tunakupa bure au kwa bei ya kutupa. Mimi nilikwenda. Sitaji wilaya, ila ni mkoa wenye reli. Nilipewa ekari mbili "eneo la viwanda". Nikafika nikakuta eneo ni la viwanda kweli, limebaki viwanda tu. Nguzo ya umeme ya karibu ilikuwa kilomita na ushee, maji ya punda. Niliambiwa nisipoendeleza ndani ya muda wananyang'anya. Nikajenga msingi ili wasininyang'anye, msingi ukameza milioni 11, na nilipoomba kuvutiwa umeme wa njia tatu (ule wa mashine kubwa), gharama ya kuufikisha ilikuwa kubwa kuliko bei ya kununua kiwanja mjini. Leo ule msingi wanacheza bao.
Karanga, watu watakwambia umeme wa vijijini kuunganishwa ni 27,000. Ni kweli, lakini ni wa njia moja, wa taa na televisheni. Uliza kwanza kama mashine zako zinataka njia moja au tatu.

#24 Kisiki cha Mpingo
Mwana wa Reli, pole sana. Lakini ushahidi wako unaniunga mkono mimi (#15). Kiwanja cha bure bila nguzo si ruzuku.

#25 Bi Chuma
Unaniunga mkono mimi. Waligawa bila kukagua.

#26 Mwana wa Reli
Mimi siungi mkono mtu, nataka milioni zangu 11.

#27 Mhasibu Mstaafu
Nikubaliane kidogo na Kisiki, si sana. Wote mnaongea kama vile serikali ina njia mbili tu, hundi au nguzo. Ipo ya tatu, ya kimyakimya: kodi. Mashine mpya za kiwandani, sheria ya kodi ya mapato inakuruhusu kukata nusu ya gharama mwaka wa kwanza uleule. Hakuna fomu ya 180,000. Lakini inamfaa anayeandaa hesabu. Mtu binafsi mwenye mauzo chini ya milioni 100 anayelipa kodi ya makadirio haimsaidii kitu, kwa sababu yeye anakadiriwa kwenye mauzo, mashine zake hakuna anayeziuliza.
Karanga Mbichi, wewe unaandaa hesabu?

#28 Karanga Mbichi
Mzee, hesabu zangu ziko kwenye daftari la Zawadi la darasa la tatu, nyuma, baada ya kuzidisha.

#29 Mhasibu Mstaafu
Basi ruzuku yako ya kwanza ni mhasibu. Si lazima niwe mimi.

#30 Wakili wa Vumbi
Jamani, kuna ushuru pia. Tawi likifunguliwa Tabora, ushuru wa huduma wa mauzo ya tawi unalipwa halmashauri ya hukohuko, na unakatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Usije ukalipa Temeke na Tabora kwa katoni moja. Halafu kuna ushuru wa mazao ukinunua karanga. Mageuzi ya 2017 yaliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukavushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine bila ushuru. Viwango vya leo uliza dirishani. Hapa nimeshasahihishwa mara moja, inatosha.

#31 Nyakati Ngumu
Swali la msingi: karanga ni zao la chakula au la biashara?

#32 Bint Igunga
Chakula. Sisi tunaunga nazo mboga.

#33 Mlina Asali
Inategemea geti. Nimepita geti moja asubuhi ni chakula, jioni zamu imebadilika ikawa biashara.

#34 Mtu wa Thika
Kwetu Kenya njugu tunazinunua kwenye foleni ya magari, kwa hiyo ni burudani.

#35 Mama Kokoto
Mimi natokea upande mwingine kabisa. Nina duka la vifaa vya ujenzi Dodoma, nilihama Dar 2017 baada ya serikali kutangaza inahamia. Sikupewa ruzuku, sikuomba. Wizara zilipohama na wafanyakazi wakahama, wakajenga, wakanunua saruji. Ukitaka biashara iende mkoani, peleka mnunuzi. Mengine yote mnayobishania hapa, hundi, nguzo na kodi, bila mnunuzi ni kumpelekea kiwete viatu.

#36 Bi Chuma
Mama Kokoto, na mikoa mingine 24 ya bara ihamishiwe nini? Makao makuu yanakaa sehemu moja tu.

#37 Mama Kokoto
Vyuo. Hospitali za rufaa. Kambi za jeshi. Sijasema ni rahisi.

#38 Kisiki cha Mpingo
Vyote hivyo vinahitaji nguzo 😄

#39 Karanga Mbichi
Wakuu, nashukuru. Alhamisi napanda basi kwenda Tabora. Nitaanzia SIDO, nione kama wana chumba cha kupangisha ndani ya eneo lao badala ya kukimbilia kiwanja. Mashine moja nitaihamisha, moja inabaki Mbagala mpaka nione. Nimeangalia kibati chake: ni ya njia tatu. Kwa hiyo #23 umeniokoa, msingi wa bao sitaujenga. Mke wangu kasoma uzi wote, kasema Bi Chuma ndiye mwenye akili humu, na kwamba lile daftari la Zawadi nilirudishe.

#40 Mlina Asali
Ukifika nitumie ujumbe wa faragha, tutakwenda wote. Njoo na sampuli ya siagi, mikono mitupu haikaribishwi.

#41 Mwana wa Reli
Kama kuna anayetaka msingi, ninao. Ekari mbili, hauna nyufa.

#42 Nyakati Ngumu
Bado hamjanijibu. Chakula au biashara?